Nilivyoacha kununa

Kwa wiki tano sikuongea na mume wangu. Yeye alikuwa Tanga, mimi Pune, kule India nilikokwenda kusoma uzamili wa takwimu, na simu yake ikiita niliiacha itetemeke juu ya meza mpaka inyamaze. Ujumbe wake nilimjibu kwa neno moja: "Salama." Kununa nimejifunza nyumbani. Nimemwona mama akinuna, nimewaona shangazi zangu. Hupigi kelele, huvunji sahani, unafunga mdomo tu mpaka mwenyewe achoke aje kukuuliza una nini, nawe umjibu kwamba huna kitu.

Sababu ilikuwa mchezo. Kabla sijasafiri tuliingia kwenye mchezo wa fedha na majirani pale mtaani. Kila mwezi nilikata kwenye posho yangu, namtumia, anapeleka kwa kijumbe. Zamu yetu ilikuwa Mei 2022, na fedha ile ilikuwa nauli yangu ya kurudi nyumbani likizo. Mei ikafika, kimya. Siku moja wifi yangu akanipigia kwa furaha zake: "Wifi, Mungu awazidishie, baba ametolewa mtoto wa jicho la kulia, kaka amejitahidi kweli." Nikamwambia alhamdulillahi. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikahesabu miezi ambayo sitaiona nyumbani.

Sikuchukia mkwe wangu kutibiwa, na nataka hilo lieleweke. Mzee yule alinipokea kama binti yake. Kilichoniuma ni kulisikia jambo langu kwa mtu wa pili. Basi nikanuna.

Nilipanga chumba mtaa wa Karve Nagar, kwa familia ya Kimarathi: mama mwenye nyumba, ambaye kila mtu alimwita Kaku, mumewe, na mama mkwe wake, Aaji, yaani bibi. Samaki hawaingii nyumba ile, wala yai, na kwa mtu wa Tanga huo ni mtihani, lakini walinitunza. Nilipougua homa Aaji alilala mlangoni kwangu juu ya mkeka.

Jumatatu tarehe 13 Juni niliporudi kutoka chuoni nilimkuta Aaji kakaa chini sebuleni, mbele yake donge la pamba, kibakuli cha maji na kisahani cha unga mwekundu wanaouita kunku. Alikuwa akitengeneza shada la pamba. Anavuta pamba kidogo, inarefuka bila kukatika. Analowesha vidole, anaibana kwa kidole gumba na cha shahada, anaacha nafasi, anaibana tena, mpaka inakuwa kama uzi wa tasbihi wenye punje za pamba. Kila penye kifundo anagusa kwa kunku. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, lakini pamba haikukatika hata mara moja. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema kesho ni Vat Purnima.

Vat Purnima ni siku ya mbalamwezi pevu katika mwezi wao wa Jyeshtha, ambao mara nyingi huangukia Mei au Juni, mvua za masika yao zinapokaribia. Wanawake wenye waume hufunga, huvaa, huenda kwenye mti mkubwa uitwao vad, wakauzungushia uzi wa pamba mara saba na kuomba mume huyo huyo kwa maisha saba, kwa sababu wao huamini mtu huzaliwa tena. Dada mmoja wa Bihar tuliyesoma naye alikuwa ameshafanya ya kwao nusu mwezi nyuma, siku ambayo mwezi hauonekani, maana kaskazini huifanya siku hiyo. Maharashtra, jimbo lenye mji wa Pune, na Gujarat husubiri mwezi ukamilike.

Nimekulia Tanga, mji wenye Wahindu na mahekalu yao, na wengi wa Wahindu wa kwetu asili yao ni hukohuko Gujarat. Sikuwahi kuuliza wanawake wao wanafunga nini wala kwa nini. Tulichokuwa nacho midomoni ni methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, tunaitamka bila kufikiri tunamsema nani. Baadaye nilikuja kujua kwamba Wazungu waliupa mti huohuo jina la wafanyabiashara wa Kigujarati waliokuwa wakikaa kivulini mwake, na jina lenyewe ndilo hilo hilo letu la Baniani. Nilivuka bahari ili nikamuulize bibi wa Pune swali ambalo ningeweza kumuuliza jirani.

Aaji akanisimulia huku mikono ikiendelea na pamba. Alichanganya Kihindi na Kiingereza chake cha shule, Kaku akiwa jikoni anamsahihisha kwa sauti. Nitaisimulia kama nilivyoielewa, pamoja na vipande nilivyovisoma baadaye katika tafsiri ya Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, ambamo mzee Markandeya anamsimulia mfalme Yudhishthira kisa hiki wakiwa uhamishoni msituni.

Palikuwa na mfalme wa Madra, Ashvapati, mwenye binti mmoja, Savitri. Binti akakua, wachumba hawaji, wanamwogopa. Baba akamwambia, basi nenda ukajitafutie mwenyewe. Akazunguka nchi, akarudi na jina: Satyavan, mtoto wa mfalme kipofu aliyenyang'anywa ufalme na sasa anaishi msituni na mkewe kama fukara. Mwenye hekima Narada alikuwapo siku hiyo. Akasema kijana ni mwema, hana kasoro ila moja: mwaka mmoja kutoka leo atakufa. Baba akamsihi binti achague mwingine. Savitri akasema mambo mengine hufanywa mara moja tu, na yeye ameshachagua.

Akaolewa, akavua dhahabu, akaingia msituni kuwatunza wakwe. Siri ya ile siku akaibeba peke yake, akihesabu. Zilipobaki siku tatu akafunga usiku na mchana, amesimama wima. Siku yenyewe akamwomba mumewe wafuatane kukata kuni. Satyavan akapiga shoka, kichwa kikamuuma, akalala na kichwa mapajani kwa mkewe. Ndipo akatokea mtu mwenye nguo nyekundu na kitanzi mkononi. Ni Yama, mtoa roho. Akavuta ndani ya mwili wa Satyavan mtu mdogo wa ukubwa wa kidole gumba, akamfunga, akashika njia ya kusini.

Savitri akamfuata.

Hapa Aaji aliweka pamba chini. Akanionyesha kwa vidole viwili juu ya sakafu: Yama mbele, Savitri nyuma. Yama akageuka, akamwambia rudi, umeshatimiza wajibu wako. Savitri akamjibu: wenye hekima husema watu wakitembea pamoja hatua saba wamekuwa marafiki, mimi na wewe tumeshatembea, basi nisikilize kama rafiki. Akaanza kusema. Akasema juu ya wema, juu ya haki, juu ya watu waungwana. Wala hakulia. Yama akapendezwa, akamwambia omba chochote isipokuwa uhai wa mumeo.

"Akaomba nini?" Aaji akaniuliza.

Nilidhani ataomba mali, au watoto.

"Macho ya baba mkwe," akasema.

Sijui uso wangu ulionyesha nini. Aaji hakujua habari za nyumbani kwangu, sikuwa nimemwambia mtu. Nilijikuta nainamia donge la pamba, naokota vijipande sakafuni visivyohitaji kuokotwa.

Yama akampa. Rudi sasa. Savitri harudi, anasema tena, na Yama anamwambia omba la pili. Akaomba mkwe wake arudishiwe ufalme. Akaendelea kutembea na kusema, na Yama akamwambia maneno yako ni kama maji kwa mwenye kiu. La tatu, watoto mia wa kiume kwa baba yake mzazi. La nne, watoto mia kwake yeye na Satyavan. Yama akakubali, na hapo akawa amefungika kwa neno lake mwenyewe, maana watoto hao watapatikanaje bila baba? La tano likatolewa bila sharti, na Savitri akaomba uhai. Kitanzi kikafunguliwa.

Kwetu tunasema neno zuri humtoa nyoka pangoni. Nilimtafsiria Aaji, akacheka, akalirudia kwa Kimarathi kumpelekea Kaku jikoni.

Kisha akarudi kwenye pamba, bila kunitazama: "Simu yako inalia kila usiku, mwanangu. Ukuta wetu ni mwembamba. Ni yeye?"

Nikasema ndiye.

"Amekukosea?"

Nikasema ndiyo.

"Savitri angenuna," akasema, "Yama angekuwa ameshafika zamani."

Neno alilotumia la Kihindi ni lile la mtu aliyegeuza uso akakataa kusemeshwa. Nalitafsiri kununa kwa sababu ndiko kwenyewe. Sikumjibu. Nilikwenda chumbani nikalala macho wazi. Miaka yote nilidhani hadithi za namna ile zinamfundisha mwanamke kunyamaza na kuvumilia, na nakiri wako wengi wanaozisimulia hivyo, hata India. Lakini yule binti alijichagulia mume, akakataa ushauri wa baba, akamfuata mtoa roho akibishana naye njia nzima. Hakuna mahali aliponyamaza ila alipobeba siri, na huo mwaka wa siri ndio ulikuwa mzito kwake kuliko yote.

Asubuhi Kaku alinigongea saa kumi na moja na nusu. Alikuwa amevaa sari ya hariri ya kijani, bangili za kioo za kijani mpaka karibu na viwiko, mkufu wake wa ndoa wa shanga nyeusi, na kipini cha lulu kilichopinda mbele ya mdomo, kizito mpaka alikuwa akikishika anapozungumza. Aliniomba nimshikie sinia. Nilimwambia mapema kwamba ibada siingii, dini yangu ina mipaka yake. Akanishika kidevu akasema mti haukuulizi dini, na sinia lina uzito wa kweli.

Sinia la shaba nalikumbuka kitu kimoja kimoja: embe tano, kipande cha fenesi, tambuu na popoo, manjano, kunku, udi, kitambaa, chungu kidogo cha maji, kidonge cha uzi mweupe, na juu yake shada la pamba la Aaji. Niliona tambuu na popoo nikawakumbuka bibi zangu. Vitu hivyo hivyo hutembezwa kwenye harusi za kwetu.

Njiani watu walikuwa wakiuza matawi ya vad, yamekatwa yakafungwa mafungu kama mchicha, kwa wale wasiotaka kutoka nyumbani. Kaku alikasirika waziwazi. "Unamkata mtu mkono halafu unaupigia magoti?" Watu wa mazingira hulipigia kelele jambo hilo kila mwaka, na wako sasa wanaopanda mche siku hiyo. Mimi niko upande wao, maana uzuri wote wa sikukuu hii umo katika mti kubaki umesimama. Vad ni wa ukoo mmoja na mkuyu wa kwetu, ila matawi yake hushusha mizizi hewani kama nywele. Mzizi ukigusa ardhi hunenepa ukawa shina jingine, hata shina la kwanza likioza mti bado upo.

Ule wa mtaani ulikuwa karibu na hekalu dogo, shina lake watu watano wasingelikumbatia. Mawingu yalikuwa yametanda. Wanawake kama sitini walikuwa wamepanga foleni, na tayari shina limevaa uzi mpaka kifuani, mweupe, kama mtu aliyefungwa bendeji. Kaku akamwagia mti maji, akapaka manjano na kunku, akalitundika shada la Aaji penye kibonge cha gome, akafunga ncha ya uzi, akaanza kuzunguka. Mbele yake msichana aliyeolewa mwaka ule, nyuma yake mama wa miaka sabini anayeburuza mguu. Uzi wa huyu ukipita juu ya uzi wa yule. Midomo inakwenda. Kila mmoja akimaliza anampaka mwenzake kunku kwenye paji la uso na kumtilia embe kwenye pindo la sari.

Wenzangu darasani, wasichana wa Kimarathi, wengine waliniambia wao hawatafunga kamwe. Mbona wanaume hawatufungii sisi? Nawaona wana haki kuuliza. Mume wa Kaku siku ile alikula chakula chake kama siku nyingine. Nilimuuliza Kaku hilo tukirudi. Alitembea kidogo kabla ya kujibu. "Miaka ya kwanza nilimfungia yeye. Sasa naenda kwa ajili ya Savitri. Mara moja kwa mwaka nataka kuzunguka na kujikumbusha kwamba alisema mpaka akapewa."

Lakini Aaji hakuja. Yeye aliyelibana shada kifundo kwa kifundo, yeye aliyekijua kisa kuliko wote pale mtini, alibaki nyumbani, kwa sababu mumewe alifariki miaka kumi na tisa nyuma. Mjane haendi kwenye vad. Kunku hapakwi, embe hatiliwi. Hili halikunitoka moyoni, na sitajifanya limenitoka. Sisi mwanamke hukaa eda miezi minne na siku kumi, kisha huogeshwa, hujipaka udi, hurudi duniani, akitaka huolewa. Najua kwetu nako wajane hunyang'anywa nyumba na mashemeji kabla tanga halijaisha, kwa hiyo sina pa kujivunia. Ila miaka kumi na tisa!

Na mtaa wenyewe umebeba jina la Dhondo Keshav Karve, aliyemwoa mjane mwaka 1893 watu wakamtenga, mwaka 1896 akaanzisha makao ya wajane ambayo baadaye yalihamia hapo Hingne, kama mtaa huu ulivyoitwa zamani, na mwaka 1916 akafungua chuo kikuu cha wanawake. Aliishi miaka 104. Mwezi mmoja tu kabla ya siku ninayoisimulia, Mei 2022, kijiji cha Herwad wilaya ya Kolhapur kilikuwa kimepitisha azimio la kukomesha desturi za kumvunjia mjane bangili, kumfuta kunku na kumvua mkufu wa ndoa, na serikali ya Maharashtra ikavitaka vijiji vingine vifuate. Kaku alimsomea Aaji habari ile gazetini. Akamwomba mwaka huu waende wote. Aaji akasema miguu yake imeshazoea kukaa.

Tuliporudi Kaku alifunga mlango wa mbele, akavuta pazia la dirisha la barabarani. Akapiga goti mbele ya mama mkwe wake, akachukua embe mbili, konzi ya ngano na nazi, akamtilia kwenye pindo la sari, kama wanavyotiliana wake wenye waume. Hakusema kitu. Aaji alitazama mapajani mwake muda mrefu. Kisha akafunika vile vitu kwa mkono wake, ule wa vidole vilivyopinda, wala hakuvirudisha. Mimi nilikuwa bado nimeshika sinia, sijui niweke wapi.

Usiku mwezi ulitoka ukaingia mawinguni, ukatoka tena. Saa tatu za Pune ni saa kumi na mbili na nusu jioni za Tanga. Nilipiga mimi. Alipokea kabla ya mlio wa pili, nikasikia ametoka kuswali magharibi, kobazi zinaburuzika barazani.

Nilisema yote. Nilimwambia mchezo ulikuwa wangu na wake, si wake peke yake. Nilimwambia ningekubali, angeniuliza ningelia siku moja nikakubali, maana macho ya baba ni macho yangu. Nilimwambia habari ile niliipata kwa wifi kama mgeni. Nilimwambia nimemwona mwanamke mmoja leo hajaulizwa kitu kwa miaka kumi na tisa. Hilo hakulielewa, nikamwambia nitamweleza baadaye. Alinyamaza sana. Kisha akasema aliogopa: daktari alimwambia wasicheleweshe, na yeye hakujua atanitamkiaje kwamba nauli imekwenda, akawa kila siku anasema kesho. "Nilikuwa napiga simu nikwambie," akasema, "ukawa hupokei."

Basi wote wawili tulikuwa tumebeba.

Akasema baba yupo hapa, anataka kukusalimia. Mzee akashika simu, nikamwamkia, akaitikia marahaba mara tatu kama kawaida yake. Mimi nilipoolewa ukungu ulikuwa umeshamwingia machoni. Alinijua kwa sauti na kwa kikohozi cha mlangoni. Akaniambia wamemtolea ile picha ya harusi ukutani, akaishika dirishani penye mwanga.

"Mwanangu," akasema, "kumbe una mwanya! Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

Jicho la kushoto alitolewa Novemba. Safari hiyo mume wangu alinipigia kwanza, tukabishana juu ya hospitali na juu ya fedha karibu saa nzima, mpaka bando lake likaisha katikati ya neno, nikampigia mimi tukaendelea.